Pasi Tu, Usifue

Nyumba ya dobi haikosi harufu mbili, ya sabuni na ya mkaa, na anayeishi humo hazisikii tena. Kwa hiyo usiku ule, Mama Chiriku akiwa mezani anakunja mashuka ya watu, pua yake iliponasa harufu ya tatu, alijua mara moja kwamba hiyo haikuwa ya nyumbani kwake. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto aliyeshinda juani anacheza, jasho na vumbi na mafuta ya nywele kidogo. Harufu nzuri, ukweli usemwe. Lakini Chiriku alikuwa ameoga jioni kwa sabuni ileile ya kufulia, akasuguliwa hadi akalalamika, na hakukuwa na mtoto mwingine mle ndani.

Alinusa mashuka, moja baada ya jingine. Akanusa viganja vyake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo.

Ndipo Chiriku alipopiga ukelele.

Kilio cha ndoto mbaya kila mama anakijua. Mtoto huamka, hukuita, hujificha kifuani mwako. Huu haukuwa kilio hicho. Mama Chiriku aliangusha shuka sakafuni, akafika chumba cha ndani kwa hatua mbili, akamkuta binti yake wa miaka mitano ameketi wima kitandani, macho kodo, jasho linamchuruzika na moyo unamdunda hata fulana inacheza. Akamkumbatia. Mtoto akamsukuma kwa nguvu ambazo hakujua anazo.

"Wewe si mama yangu!"

"Chiriku, ni mimi. Ni mama."

"Namtaka mama! Mama yuko wapi?"

Alimtikisa, akamwita, akampangusa uso kwa maji baridi. Mtoto alikuwa anamtazama na hamwoni. Zikapita dakika kumi za namna hiyo, kisha akalegea, akaanguka kwenye mto na kukoroma kana kwamba hakuna lililotokea. Harufu nayo ikawa imeondoka.

Asubuhi hakukumbuka kitu. Alikaa mbele ya chai na mkate, akauliza kama kuku naye akioga anahitaji sabuni, na kama kivuli kinachoka kuburutwa. Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Baba yake, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye kumwona nyumbani ilikuwa bahati, ndiye aliyempachika jina hilo, siku aliyompigia simu mkewe na mtoto akamaliza salio lote peke yake.

Ikawa kila usiku, saa tano kasorobo, bila kuchelewa hata dakika. Usiku wa nne Mama Chiriku alikuwa hoi, macho mekundu kama aliyekaa moshini. Akampeleka zahanati.

Nesi alikuwa mama mnene asiye na papara. Alimpima mtoto, akamsikiliza akieleza habari za kuku, akacheka, kisha akamtuma nje akahesabu mabenchi.

"Mtoto huyu ni mzima," alisema. "Wengi wa umri wake hupatwa na hofu za usiku. Macho yako wazi lakini amelala fofofo, ndiyo maana hakujui. Usimtikise, usimwagie maji, usimfokee. Ondoa vitu vya kumuumiza, kaa karibu, ngoja ipite. Mlaze mapema, asichoke kupita kiasi. Na kwa kuwa inamjia saa ileile, robo saa kabla mwamshe polepole, mwongeleshe kidogo, mlaze tena. Halafu uandike. Imeanza saa ngapi, imechukua muda gani, amesema nini. Mama mwenye kalamu mkononi hatetemeki."

"Asante, nesi."

"Kuna kilichobadilika nyumbani? Msiba, ugomvi, mgeni?"

Mama Chiriku alifikiri kidogo. Kuna kitu kilimpitia kichwani, akakiona kidogo mno kukitaja. "Hakuna," alisema.

Alifanya kama alivyoambiwa. Alichukua daftari lake la nguo za wateja, akaligeuza, akaanza kuandika upande wa nyuma. Saa nne na nusu alimgusa mtoto bega, akamnong'oneza mawili matatu, akamlaza. Usiku wa kwanza ukapita kimya. Wa pili vilevile. Usiku wa tatu na wa nne mama mwenyewe alilala kama gogo, asubuhi akapiga pasi huku anaimba.

Usiku wa tano, alipoinama kumgusa bega, Chiriku alikuwa ameshaketi. Hakupiga kelele. Alikuwa amekunja mikono mapajani kwa adabu, kama mtoto aliyeachwa kwenye nyumba ya watu.

"Shangazi," alisema, kwa sauti yenye mkwaruzo kidogo, "naomba maji."

Chiriku hakuwa na shangazi. Baba yake alizaliwa peke yake. Mama Chiriku alimpa maji kwa mkono uliokuwa unatetemeka, kalamu au si kalamu, na ile harufu ya utosi wenye jua ikajaa chumba kizima, tamu na nzito, ikitoka kwenye nywele za binti yake alizoziosha saa chache tu zilizopita.

Tangu siku hiyo haikuwa kelele tena, ilikuwa mazungumzo. Mama Chiriku aliyaandika yote, maana nesi alisema aandike, na maana bila kuandika angepata wazimu. *Hapa ni mbali na nyumbani? Nyinyi mnalala na taa? Mama akija mwambie nilikaa vizuri.* Usiku mmoja aliandika: *Kifungo changu nimekificha kwenye tundu la ukuta, nyuma ya kitanda. Mama hajui.* Asubuhi alivuta kitanda cha Chiriku. Ukuta ulikuwa mzima, hauna hata ufa.

Alichoogopa zaidi kilikuja mchana. Chiriku alianza kunyamaza. Maswali yakapungua, kutoka mia hadi kumi, kutoka kumi hadi moja, na hilo moja likaulizwa kwa kunong'ona. Alikaa kizingitini mikono mapajani. Ulipofika mwisho wa wiki, mama yake alimwekea chai, mtoto akainua macho na kusema, mchana kweupe, jua linawaka, "Asante, shangazi."

Siku ileile alimkuta chumbani amesimama juu ya kigoda, uso ameuzamisha kwenye shati dogo la buluu lililotundikwa msumarini.

"Haipo," mtoto alisema.

"Nini haipo?"

"Harufu yangu. Mmeitoa."

Mama Chiriku akakaa chini. Kile kitu alichokiona kidogo mno kukitaja kwa nesi kilikuwa kimening'inia mbele yake.

Ilikuwa hivi. Siku mbili kabla ya ukelele wa kwanza, alikuja mteja mgeni, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mwembamba aliyeongea kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Alitoa shati hilo kwenye mfuko, limekunjamana, kola imepauka, kifungo kimoja hakipo. "Pasi tu," alisema. "Usifue. Tafadhali, mama. Pasi tu, usifue." Mama Chiriku akaitikia. Lakini dobi ana mkono wake, na mkono wa Mama Chiriku kwa miaka kumi na miwili haukuwahi kuweka pasi ya moto juu ya nguo chafu. Pasi hugandisha jasho, doa likishapikwa halitoki milele. Alipoliona lile duara la mafuta kwenye kola akasema moyoni, maskini, mwalimu ameona aibu kulipa kufua. Nitamfanyia bure. Akaliloweka, akalifikicha, akalisuuza mara tatu. Lilitoka safi kwenye kola, likanukia upepo.

Mwalimu alipokuja alilishika kwa mikono miwili, akalipeleka puani. Mama Chiriku alikuwa anatabasamu, anangoja kushukuriwa. Mwalimu alinusa kola, akanusa makwapa, akaligeuza nje ndani, akanusa tena kwa haraka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kisha akakaa chini pale pale mlangoni. "Ndiyo ilikuwa ya mwisho," alisema. "Nyingine zote zilishaisha harufu. Hii ndiyo ilikuwa imebaki naye." Mtoto wake wa kiume alikuwa amekufa kwa homa ya siku mbili tu, miezi mitano iliyopita. Aliinuka, akaondoka bila shati, na Mama Chiriku kwa aibu akalitundika chumba cha ndani asilione.

Shoga yake wa nyumba ya jirani ndiye aliyemwelekeza kwa Fundi Mwavuli. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetengeneza miavuli kwenye baraza la duka la vyombo, na watu walijua kwamba jioni, akishafunga boksi lake, hutengeneza na mengine. Alimsikiliza Mama Chiriku huku meno yamebana waya.

"Jini," alisema, akautema waya. "Jini halikai kwenye nguo. Linakaa kwenye majonzi ya mwenye nguo. Huyo mama amelilisha miezi mitano, ananusa na kulia, analia na kunusa. Wewe umelifulia nyumba yake. Likahamia kwa mtoto aliyekuwa karibu."

"Lakini linaongea kama mtoto."

"Linajua yaliyosemwa mbele yake. Mama mtu amelililia shati, amelitajia kila kitu. Likikaa siku arobaini, wako harudi. Dawa ni moja. Aje mama mwenyewe, limwite mama, naye alikane mara tatu." Akamtazama. "Ila nikuulize, na unijibu sawasawa. Limewahi kusema jambo ambalo yule mama halijui? Siri ya mtoto mwenyewe?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu likiwa limesema, basi si jini. Ni mtoto aliyepotea, na mimi sifukuzi watoto wa watu. Huyo hukaliwa naye, mama yake akawa anakuja, anambembeleza, mpaka apumzike mwenyewe. Mwezi, miaka, hakuna ajuaye."

"Na mwanangu?"

"Atakuwa anampisha."

Daftari lilikuwa mapajani kwa Mama Chiriku. Hakuhitaji kulifungua, ukurasa aliujua. Alimfikiria Chiriku akiwa na miaka sita, minane, kumi, mikono mapajani, anasema asante shangazi.

"Hapana," alisema. "Halijawahi."

Mwalimu alikubali kuja kabla hata hajamaliza kuelezwa. Usiku ule walikaa watatu chumba cha ndani, Fundi Mwavuli mlangoni, Mama Chiriku miguuni mwa kitanda, mwalimu kwenye kigoda na shati la buluu mapajani. Saa ya ukutani iligonga vidakika vyake, mkaa ukapasuka mara moja kwenye pasi iliyosahauliwa mezani, na saa tano kasorobo harufu ikaja, kidogo kidogo, kutoka pembeni, halafu yote kwa pamoja, jasho na vumbi na jua la mchana ndani ya chumba chenye giza, na mwalimu, ambaye miezi mitano alikuwa anaitafuta kwenye makunjo ya nguo, alifumba macho, akavuta pumzi hiyo hadi mwisho, na akaizuia kifuani muda mrefu mno, kana kwamba hakukusudia kuitoa tena.

Mtoto aliketi.

"Mama," alisema kwa ile sauti ya mkwaruzo. "Umekuja. Mbona umechelewa?"

Mwalimu aliinuka nusu, mikono imeshanyooka. Fundi Mwavuli akakohoa.

"Sema, mwalimu," alinong'ona. "Usimguse. Sema."

"Wewe..." Akaanza upya. "Wewe si mwanangu."

Mtoto alicheka kidogo, kama anayetaniwa. "Ni mimi, mama. Ni Babu." Maana ndivyo mwalimu alivyomwita mwanawe, kwa kuwa alirithi jina la babu yake.

"Wewe si mwanangu."

Kicheko kikaisha. Midomo ikaanza kutetemeka, na ilikuwa midomo ya Chiriku, ndiyo iliyomkata mama yake maini. "Nimekosa nini?" mtoto aliuliza. "Mama, nimekosa nini? Nilikaa vizuri. Sikusumbua. Muulize shangazi."

Mwalimu hakuweza tena. Alimgeukia Mama Chiriku, uso umelowa, akamshika kifundo cha mkono. "Wewe ndiye uliyekaa naye usiku wote huu. Niambie kweli ya Mungu. Ni yeye?"

Mtoto naye akageuka. Macho yale yaliyokuwa hayaoni yalimtazama Mama Chiriku moja kwa moja, na yalikuwa na matumaini. "Shangazi," alisema. "Si nilikwambia?"

Mama Chiriku alikuwa akimpenda mtoto wa mwenzake kwa wakati ule, na hilo aseme atakayesema. Alikuwa amempa maji. Alikuwa amemfunika shuka usiku tisa, kumi, huku akijua si wake. Lakini huyu mwenye mwili alimzaa mwenyewe, na alitaka kuulizwa tena habari za kuku.

"Si yeye, dada," alisema. "Mwisho. Sema ya mwisho."

Mwalimu aliziba masikio kwa viganja, akafumba macho, akaisema kwa kelele, kwa kelele kiasi cha kuamsha mtaa, na ndani ya kelele hiyo mtoto alikuwa anaita mama, mama, sauti ikiwa inasogea nyuma, nyuma zaidi, kama mtu anayeburutwa kwenye ujia mrefu asiotaka kuupita, mpaka ikawa nyembamba kuliko mbu, mpaka wote watatu hawakujua tena kama wanaisikia au wanaikumbuka. Chiriku alianguka kwenye mto. Chumba kikanuka sabuni na mkaa.

"Limetoka," Fundi Mwavuli alisema, akajifuta jasho.

Asubuhi Chiriku aliamka na kuuliza kwa nini mwalimu wa watu amelala kwenye kigoda, na kama binadamu akilala ameketi ndoto zinamwagika. Mama yake alimkumbatia hadi akalalamika kwamba anabanwa. Yule mtoto akawa mzima, na mzima kabisa. Alilala usiku kucha, aliongea mchana kutwa, baba yake akipiga simu salio likaisha kama zamani.

Mwalimu alirudi baada ya miezi mitatu. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka nywele. Alilitoa shati la buluu mfukoni, halafu akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kifungo kidogo cheupe.

"Nishonee, Mama Chiriku. Nilikuwa napaka rangi kile chumba, nikavuta kitanda. Kumbe nyuma kuna tundu kwenye ukuta, nami sijui miaka yote. Kimo humo, kimezibwa na karatasi." Alitabasamu na macho yakajaa. "Nilimgombeza kwa kifungo hiki, unajua? Akaniapia hakijui kilipo. Kumbe mwizi ni yeye."

Mama Chiriku alitunga uzi sindanoni. Mara ya kwanza haukuingia, mara ya pili haukuingia.

"Kuna usiku huwa nawaza," mwalimu alisema polepole. "Nawaza vile alivyoniuliza amekosa nini. Kisha namshukuru Mungu kwamba halikuwa yeye, lilikuwa jini. Ingekuwa yeye, Mama Chiriku, ningeishije?"

Sindano ilipita, ikarudi, ikapita. Nje Chiriku alikuwa anamweleza mtu fulani jambo refu.

"Hakuwa yeye, mwalimu," alisema Mama Chiriku, akaukata uzi kwa meno.

Jioni hiyo aliuchana ule ukurasa, akautia kwenye mkaa wa pasi. Aliingia kulala mapema, taa ameiacha inawaka, maana kuna aliyewahi kumuuliza kama wao wanalala na taa. Hakupata usingizi, hakuutegemea. Saa tano kasorobo harufu ilikuja, kama ilivyokuja kila usiku tangu usiku ule wa kukanwa, si kwa Chiriku tena bali kwake, ubavuni mwake, jasho na vumbi na mafuta kidogo. Haikuwa na sauti. Haikuomba hata maji. Ilikaa tu kwa adabu, kama mtoto aliyeachwa kwenye nyumba ya watu na hajui atachukuliwa lini.

"Nisamehe, Babu," Mama Chiriku alinong'ona.

Alingoja kidogo. Kisha akasogea ukutani, akainua shuka, akamwachia nafasi.